Vanadi Arobaini na Saba

14 Juni

Tumepiga mahema juu ya mji wa Slyudyanka, mwendo wa saa moja kutoka nyumba ya mwisho, pale kijito kinapochomoza kwenye marumaru. Tuko watatu. Innokenti Prokopyevich ndiye mkuu wetu. Ana miaka sitini na tano na vuli hii anastaafu. Mjomba Yegor ndiye mchimbaji. Alifanya kazi mgodi wa ulanga, jiwe lile la matabaka yanayong'aa, mpaka ulipofungwa, na sasa humchimbia yeyote atakayemlisha na kumsikiliza. Mimi ni wa maabara. Tangu Klavdia Semyonovna astaafu, mashine ya kupimia madini iliyoko mji wa Irkutski iko mikononi mwangu, na aliyenipigania niipate ni Innokenti Prokopyevich. Wengine walisema bado mdogo. Sitaki kumwangusha hata kidogo.

Kabla ya pigo la kwanza Mjomba Yegor alimwaga tone la vodka chini, kwa wenyewe wa mlima.

"Hii ni mila yenu, Daktari," akaniambia. Mimi si daktari, hunitania tu. "Mimi Mrusi namwaga, wewe Mburyati umesimama na daftari."

"Nimwagie na mimi basi."

"La kwako nimeshalinywa."

17 Juni

Mbu. Sina la kuongeza.

20 Juni

Tunachotafuta ni punje nyeusi ndogo kuliko mbegu ya ufuta, zenye nyuso nane, zilizolala ndani ya mwamba wa kijani. Ni spineli. Mjomba Yegor amezivunjia mawe siku sita bila kuuliza, leo akauliza.

"Hivi hizi zina nini hata mzee wa watu asahau kula?"

Nikamchorea kwenye ubao wa kukatia mkate. "Ni kama nyumba, mjomba. Kuta zote ni oksijeni. Kuna vyumba vidogo vyenye majirani wanne, na vyumba vikubwa vyenye majirani sita. Magnesi analala kwenye vidogo. Vile vikubwa wanavigombea metali mbili, kromi na vanadi, maana wana karibu umbo moja."

"Na nani anashinda?"

"Mwenye wapangaji wengi, nyumba inaitwa kwa jina lake. Kromi akizidi, ni madini ya siku zote, yako vitabuni. Vanadi akizidi, ni madini ambayo hakuna aliyewahi kuyaona."

"Na mzee Prokopich anataka vanadi azidi."

"Kuliko anavyotaka uji."

"Hilo nimeliona. Uji wake wa jana niliula mimi."

24 Juni. Irkutski

Nimesafisha punje kumi na moja za mfuko wa kwanza, nikazipitisha kwenye mashine. Katika kila wapangaji mia wa vyumba vikubwa: vanadi 47, kromi 49, alumini 4. Zote kumi na moja karibu sawa. Jumla ya uzito wa punje nzima, oksijeni na vyote, inatoka asilimia mia na mbili badala ya mia, lakini programu ni mpya, nadhani itatulia.

26 Juni

Nilimpa Innokenti Prokopyevich namba nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Alizisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akazisoma tena.

"Mbili," akasema. "Tumekosa mbili tu, Sesegma. Mshipa unaingia chini ya ukingo. Huko ndani vanadi itapanda. Lazima ipande."

"Chini ya ukingo ule?" akauliza Mjomba Yegor.

"Kuna mwingine?"

Mjomba Yegor akautazama ukingo kwa muda. Ni mteremko wa udongo na ulanga, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, na misonobari miwili juu yake imeinamia huku kwetu. Akachukua mtarimbo.

1 Julai

Mvua. Ziwa Baikali halionekani.

3 Julai

Nilipanda juu ya ukingo kuchuma vitunguu pori, nikakuta ufa. Unakwenda sambamba na handaki tunalochimba chini yake, urefu wa hatua kumi na mbili. Upana vidole viwili. Nikamwita Mjomba Yegor. Akaingiza mkono, akautoa umejaa ulanga uliolowa, akausugua kati ya vidole ukateleza.

"Sabuni," akasema. "Mgodini tulipoiona hii tulikuwa tunatoka kwanza, tunavaa kofia baadaye."

Akakoroga jasi, akapaka bendeji ya upana wa kiganja kutoka upande mmoja wa ufa hadi mwingine. Ndivyo walivyofanya wao mgodini: jasi ikipasuka, mlima umetembea, na mtu haingii tena.

8 Julai. Irkutski

Mfuko wa tatu. Vanadi 47, kromi 49.

Wakati wa kwenda stesheni humkuta Zoya, binti wa Mjomba Yegor, akiuza omuli, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, kwenye jukwaa la treni. Ana mikono mikubwa kama ya baba yake na hana maneno mengi. Kila mara hunipa samaki mmoja bure na agizo moja. Leo: "Mwambie avae soksi kavu. Mimi hanisikii."

11 Julai

Mvua. Jasi nzima.

15 Julai

Ufa vidole vitatu. Jasi ina nywele za mpasuko lakini imeshika. Nilimwambia Innokenti Prokopyevich kwamba afadhali tuanzie upande wa pili wa mshipa, hata kama ni mbali.

"Wewe ni wa maabara au wa milima?" akaniuliza, kwa upole, hakuwa na hasira. "Mimi nimelala chini ya kingo kama hizi tangu mama yako hajaolewa. Niletee namba nzuri, mwanangu, na kesho yake tunafunga handaki. Naapa."

Kwa hiyo handaki linafungwa na namba. Nililala na neno hilo.

16 Julai

Nimemwambia tena. Sasa ananitania: kila nikikaa kunywa chai anasema, "Haya, leo ukingo umesemaje?"

19 Julai

Mvua. Viazi vimeota ukungu.

22 Julai. Irkutski

Mfuko wa nane. Vanadi 47, kromi 49. Nimeanza kuichukia namba hii. Chini, juu, katikati ya mshipa, ileile.

24 Julai

Nimemwona leo Innokenti Prokopyevich akifikiri hakuna anayemtazama. Alikuwa ameshika jiwe la kijani kwenye mwanga, analigeuza na kuligeuza, hawezi kuliweka chini. Miaka arobaini ya milima, na hakuna kitu hata kimoja duniani alichokiona yeye kwanza. Nilikuwa namdhania hodari asiyeogopa. Anaogopa kuliko sisi sote, ila haogopi ukingo. Anaogopa Septemba, tume ya madini itakapopokea karatasi za mwisho na yeye kwenda kukaa kwenye vyumba viwili na ramani zake.

Nikamhurumia. Huruma hiyo imenifunga mdomo zaidi.

29 Julai. Irkutski

Asubuhi Klavdia Semyonovna alipita maabara kuchukua kikombe alichokisahau tangu astaafu. Akachungulia karatasi zangu.

"Mia na mbili," akasema. "Mwanangu, unaondoa kivuli?"

"Kivuli gani?"

Akaweka kikombe chini.

Kila elementi ikipigwa na mashine hujibu kwa sauti yake. Vanadi ana sauti mbili, kubwa na ndogo, na ile ndogo inaangukia palepale penye sauti kubwa ya kromi. Mashine haijui nani amesema. Ikisikia sauti mahali pale, inaandika kromi. Hayo nilifundishwa mwaka wa tatu wa chuo na nikayajibu vizuri kwenye mtihani. Lakini nilidhani programu mpya inaondoa yenyewe.

"Haiondoi," akasema Klavdia Semyonovna. "Mimi nilikuwa naondoa kwa penseli, miaka kumi na minne."

Nikaweka kwenye mashine kipande cha vanadi safi kisicho na chembe ya kromi. Ikaandika kromi: saba katika mia. Nikakaa.

Kisha nikarudia hesabu zote kwa penseli, mifuko yote minane. Vanadi 49. Kromi 47. Jumla ya uzito mia, bila kupungua wala kuzidi. Punje za tarehe 24 Juni nazo vilevile. Madini yalikuwa mapya tangu mfuko wa kwanza. Handaki lote la chini ya ukingo, wiki tano za mgongo wa Mjomba Yegor, halikuhitajika.

Klavdia Semyonovna hakunicheka. "Hapa kila mtu hukosea mara moja," akasema. "Mwambie kesho ukifika tu, kabla hajavua kofia."

Nimechapisha namba za vanadi safi na hesabu mpya. Mashine yenyewe huweka tarehe juu ya karatasi. Nimeikunja mara nne na kuitia ndani ya koti.

30 Julai

Njia nzima kwenye treni nilikariri: Innokenti Prokopyevich, nimekosea, na kosa langu ni habari njema kwako. Sentensi moja. Zoya alinipa samaki na sikumtazama usoni.

Kambini nikakuta wageni wawili kutoka jumba la makumbusho la Moskva. Innokenti Prokopyevich akanishika bega mbele yao. "Huyu ndiye Sesegma. Walisema bado mdogo. Namba zake hazijatikisika hata mara moja, mifuko minane, arobaini na saba, arobaini na saba. Huo ndio mkono."

Wageni wakanipa mkono. Nikanywa chai.

Walipoondoka akaniuliza, "Haya, mwanangu, mfuko wa tisa?"

"Bado," nikasema. "Mashine ilikuwa na watu."

31 Julai

Mvua. Ufa vidole vinne. Jasi imeshika kwa uzi. Sijasema.

1 Agosti

Mvua. Sijasema.

2 Agosti

Innokenti Prokopyevich ametangaza kwamba Jumamosi handaki linafungwa, namba ziwe nzuri au mbaya, chakula kinaisha. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Siku nne tu. Handaki litafungwa lenyewe, na mimi Septemba, nikiwa nimetulia, "nitagundua" kivuli na kumpelekea habari njema nyumbani kwake. Hakuna atakayejua kwamba tulichimba bure. Nimeliandika hili nilione kwa wino. Linanuka.

3 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Mjomba Yegor alikuja akiwa tope mpaka nyusi, akakaa karibu na jiko.

"Daktari, umenyamaza siku hizi. Umempenda mtu?"

"Nimechoka tu, mjomba."

"Aliyechoka analala. Wewe unakodolea handaki macho kama lina deni lako."

Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Tulikuwa wawili, ana mkate mdomoni, angecheka. Nikamwongezea chai.

Sijasema.

6 Agosti

Naandika ya tarehe 4. Nikingoja zaidi nitaanza kupamba.

Mvua ilikuwa imekatika. Saa mbili asubuhi nilipanda juu ya ukingo nikakuta jasi imegawanyika vipande viwili, na kati yake kiganja kizima kinapita. Nikateremka mbio. Walikuwa wanakunywa chai.

"Imepasuka," nikasema.

Mjomba Yegor akamwaga chai iliyobaki. "Basi. Mimi kwenye shimo lile kazi imekwisha."

Innokenti Prokopyevich hakubisha. Lazima nimwandikie haki yake, hakubisha. Alisema tu, "Ule mfuko wa jana, Yegor. Umeshavunjwa, uko mdomoni mwa handaki. Dakika tano. Huenda ndio wenye vanadi."

"Dakika tano naweza," akasema Mjomba Yegor, akaanza kufunga buti.

Hapo nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo: kivuli, penseli, arobaini na tisa, mfuko wa kwanza, hauhitajiki, hakuna mfuko unaohitajika.

Innokenti Prokopyevich akanitazama na akatabasamu. Tabasamu lile sitalisahau, lilikuwa la upendo. "Mwanangu," akasema, "mwezi mzima unatuomba tutoke chini ya ukingo. Leo jasi imepasuka, na leo hiihii vanadi imepanda?"

"Ni kweli."

"Mwache, Prokopich," Mjomba Yegor akasema akicheka. "Anatupenda. Mtu akikupenda anakudanganya kidogo." Akasimama, akapiga buti chini zikae vizuri, akaanza kushuka.

"Ninayo karatasi," nikasema.

"Ilete basi," akasema Innokenti Prokopyevich.

Koti lilikuwa hemani. Nilijua karatasi ina tarehe. Hapa ndipo ninapotaka kuruka na sitaruka: nilisimama ndani ya hema nimeishika, nikaikunjua, nikaangalia kama pale juu panaweza kuchanika pasionekane. Sikuchana. Lakini niliangalia. Ilikuwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, labda thelathini.

Nikatoka, nikampa. Alisoma namba kwanza, uso ukamfunguka. Kisha macho yakapanda juu ya karatasi.

"Tarehe ishirini na tisa," akasema.

Nilitazama mikunjo minne ya karatasi.

Hakunigombeza. Aligeukia handaki na kupaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Yegor! Acha! Toka!"

"Nakuja!" Sauti ya Mjomba Yegor ilitoka chini, ya kawaida kabisa. "Nimeshauinua!"

Misonobari miwili ikaanza kusogea ikiwa imeinama vilevile. Haikuanguka, ilisogea tu, na chini yake ukingo wote ukashuka polepole, kisha si polepole. Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Kukawa hakuna handaki.

Innokenti Prokopyevich alifika pale kabla yangu, mzee wa miaka sitini na tano, akachimba kwa mikono. Nilikimbia mpaka machimbo ya marumaru kuita watu. Walikuja watu ishirini na mashine ya kuchimbua. Tulimpata saa tisa alasiri. Alikuwa amekumbatia mfuko.

7 Agosti

Mvua hakuna. Jua siku nzima, jua la kutukana.

9 Agosti

Tumemzika. Zoya alisimama wima muda wote. Watu walisema mvua, mvua, mwaka huu mvua.

Baada ya chakula cha msiba Innokenti Prokopyevich aliniita uani. Amezeeka, mdomo umemshuka upande mmoja.

"Mpelelezi ataniuliza kwa nini tulikuwa pale," akasema. "Nitasema tulikuwa pale kwa amri yangu, na mvua ilizidi. Ndivyo ilivyo. Karatasi yako tumeiona wawili tu." Akaitoa mfukoni, akanirudishia.

"Ina tarehe."

"Mashine inaweza kuchapisha nyingine. Yenye tarehe ya wiki ijayo." Alishika ukuta. "Sifanyi kwa ajili yangu, Sesegma. Mimi nimekwisha. Wewe una miaka thelathini mbele ya mashine ile. Na madini tutayapa jina lake. Yegor atakuwa kitabuni milele."

Nimewaza maneno haya mchana kutwa. Mwezi Juni ningemfuata popote. Leo nimeona kwamba ananipa kilekile nilichojipa mwenyewe tarehe 2, ila yeye anakitoa kwa machozi. Na nimeona pia kwamba nilitaka kukipokea. Nilimwambia nitafikiri.

10 Agosti

Sijajibu.

11 Agosti

Sijajibu. Nimegundua naandika "sija-" tena.

12 Agosti

Zoya amekuja kambini kuchukua vitu vya baba yake. Innokenti Prokopyevich alikuwa mjini. Nilimsaidia kukunja koti la pamba, chupa ya chai, sururu mbili alizonunua mwenyewe. Alifanya kazi bila kuongea mpaka begi lake la samaki likajaa, kisha akaketi juu ya sanduku la mawe.

"Mpelelezi anasema mvua," akasema. "Mzee wako anasema mvua. Wewe uliyekuwa unapanda ule ukingo kila siku hujasema kitu. Kwenye mazishi ulikuwa unatazama viatu vyangu."

"Mvua ilikuwepo."

"Najua ilikuwepo. Mimi nauza nje. Nauliza baba alikuwa anafuata nini mle."

"Hakuna," nikasema. "Tulichokitafuta tulikuwa nacho tangu Juni. Nilihesabu vibaya."

Alilipima neno hilo. Nilidhani ndiyo imekwisha, kwamba kukosea hesabu kunasameheka; hata uso wake ulianza kulegea. Ningeweza kuishia hapo.

"Nikaja kujua nimekosea," nikasema, "na sikumwambia."

"Siku ngapi?"

"Sita."

Zoya akatazama mikono yake. "Jumapili alikuja kwangu kuoga," akasema. "Nikampikia pozi, viandazi vya nyama. Alikula kumi na mbili. Akasema huko juu kuna msichana mmoja mwema sana, hana amani, sijui ana nini. Akataka nikufungie nne." Akaigeuza mikono, viganja juu. "Nilikataa, nilisema zitapoa njiani. Jumapili ni ya ngapi katika hizo sita?"

"Ya pili."

Nililia. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja treni ya mizigo ipite.

"Andika," akasema.

Nikachukua karatasi ya ofisi. Niliandika kwamba maabara iligundua kasoro katika vipimo tarehe 29 Julai na kwamba taarifa haikufika kambini kwa wakati. Nikampa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akanirudishia.

"Maabara ndiyo nani? Niende nikaigongee mlango?"

Nikaichana. Nikachukua nyingine, nikaandika: Mimi, Sesegma Badmayeva, nilijua tarehe 29 Julai kwamba handaki halihitajiki. Nilikuwa kambini kuanzia tarehe 30. Nilimpa Yegor Tolmachov chai kila siku na sikumwambia. Nikatia sahihi, nikabandika karatasi ya mashine yenye tarehe yake.

Zoya aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaiweka ndani ya begi la samaki chini ya koti la baba yake, akalitupia begani, akateremka kwa njia ya kijito bila kuniaga. Kesho saa tatu asubuhi natakiwa kwa mpelelezi.